Nafasi ya Nyuki: Habari za Mzinga na Hati ya Mvumbuzi

Habari nitakayowaeleza leo ilianzia nyuma ya chuo chetu cha ualimu, mahali tunapofuga nyuki kwa ajili ya mafunzo. Wanafunzi wawili walipewa kazi ya kutengeneza mizinga ya sanduku yenye viunzi ndani yake, kila mmoja wake. Mbao zilikuwa za namna moja, misumari ya namna moja, na mchoro ulikuwa mmoja. Makundi mawili ya nyuki yakaingia, yakafanya kazi majira yote ya maua.

Siku ya kurina ilipofika, mwanafunzi wa kwanza alifukiza moshi, akafunua kifuniko, akashika kiunzi kwa vidole, nacho kikatoka pamoja na sega lake zima, kama mtu atoavyo kitabu katika kabati. Wa pili naye akashika cha kwake, kisitoke. Akavuta kwa nguvu. Masega yakapasuka, asali ikamwagika juu ya majana, nyuki wakaghadhibika, nasi sote tukakimbia, mwalimu mbele.

Jioni, nyuki walipotulia, tulirudi na rula tukapima. Katika mzinga wa kwanza, kati ya kiunzi na ubavu wa sanduku, palikuwa na nafasi ya kupita kalamu ya risasi. Katika mzinga wa pili nafasi ile ilikuwa ya kuingia kidole gumba, na nyuki walikuwa wameijaza masega yaliyokishika kiunzi kama saruji. Nikamwuliza yule kijana kwa nini hakuufuata mchoro. Akanijibu kwa upole ya kwamba aliwahurumia nyuki, akaona heri awaongezee nafasi wasibanane.

Nafasi hiyo ya kalamu ya risasi ndiyo habari yangu ya leo. Wanadamu walifuga nyuki kwa maelfu ya miaka kabla ya kuielewa. Na mtu aliyeifanya kuwa msingi wa mzinga mpya alipewa na serikali yake hati ya kumlinda, wala hati ile haikumtajirisha. Basi yafaa tujiulize mambo mawili: nafasi hiyo ilipatikanaje, na kwa nini hati haikuweza kumlinda mwenyewe?

MIZINGA YA ZAMANI

Wazee husema, Fuata nyuki ule asali. Lakini zamani aliyekula asali aliilipia sana. Mizinga yetu ya desturi ni magogo yaliyotobolewa, au magome ya miti yaliyoviringishwa na kufungwa, ikatundikwa juu mitini. Katika Misri ya kale walitumia mabomba marefu ya udongo yaliyolazwa chini. Picha zilizochongwa katika hekalu la jua la mfalme Niuserre, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, zaonyesha watu wakiwafukiza nyuki moshi na kutia asali katika mitungi. Katika Ulaya ya kaskazini walifuma makapu ya majani makavu, wakayafudikiza kama kofia, nyuki wakakaa ndani yake.

Mizinga hiyo yote, ingawa ni mbalimbali kwa sura, ilikuwa na upungufu mmoja. Nyuki huanza kujenga sega kutoka juu, kisha hulishikamanisha na mbavu za nyumba yao. Basi mtu akitaka asali hana budi kuingiza kisu na kukata. Akikata huharibu masega ambayo nyuki waliyajenga kwa taabu nyingi, na mara nyingi huua majana, naye hajui kama malkia yu hai au amekufa, wala kama kuna ugonjwa ndani. Wenye makapu ya Ulaya walikuwa na desturi iliyo mbaya zaidi. Ilipokaribia baridi waliyachagua makapu yaliyokuwa mazito kwa asali, wakayaweka juu ya shimo lenye moshi wa salfa, nyuki wote wakafa, ndipo wakatoa asali. Ni kama kumchinja ng'ombe kila utakapo kunywa maziwa.

WATU WALIOJARIBU

Si kwamba hawakuwako wenye akili waliouona upungufu huo. Mwaka 1682 Mwingereza mmoja, George Wheler, alichapisha kitabu cha safari zake katika nchi ya Uyunani, akaeleza mizinga aliyoiona huko. Ilikuwa makapu mapana juu na membamba chini, na juu yake zimepangwa papi za mti, moja kando ya moja. Nyuki walijenga kila sega chini ya upapi wake, na mfugaji aliweza kuinua upapi mmoja pamoja na sega lake bila kuyagusa mengine. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia mwishoni.

Zaidi ya miaka mia baadaye, katika nchi ya Uswisi, palikuwa na kipofu, jina lake François Huber. Mtu huyu hakuweza kuona nyuki hata mmoja, lakini alikuwa na mtumishi mwaminifu, François Burnens, ambaye alimwonea kwa macho yake na kumweleza yote. Ili mtumishi aweze kuchungulia kila sega, Huber alibuni mzinga wa viunzi vilivyounganishwa kwa bawaba, ukifunguka kama kurasa za kitabu. Matokeo ya uchunguzi wake aliyatangaza mwaka 1792, na wataalamu huyastahi hata leo. Lakini mzinga ule ulifaa kwa kuchunguza tu. Kwa mkulima ulikuwa wa taabu, kwa sababu kurasa zikifungwa bila uangalifu nyuki husagika katikati.

Katika Ukraine, mwaka 1814, Petro Prokopovych alitengeneza mzinga ambao sehemu yake ya asali ilikuwa na viunzi vya kutolewa. Katika Silesia padre wa Kikatoliki, Jan Dzierżon, alipanga papi ndani ya sanduku na kufungua mlango wa ubavuni. Lakini masega yalikuwa bado yakishikamana na mbao, na kabla ya kutoa sega ilimpasa kulitenga kwa kisu. Katika Ufaransa, katika miaka ya 1840, Debeauvoys alitumia viunzi kamili, lakini viliingia katika sanduku kwa kubana sana. Nyuki wakavigandisha kwa gundi yao, ile nyeusi waiokotayo katika miti, hata kuvitoa ikawa kazi ngumu kuliko kukata masega ya kapu.

Mwaona basi jinsi mambo yalivyokuwa. Huyu alikuwa na papi, yule alikuwa na viunzi, mwingine alikuwa na mlango. Kilichokosekana hakikuwa kipande cha mti, bali ni nafasi tupu kati ya mti na mti.

MCHUNGAJI LANGSTROTH

Lorenzo Lorraine Langstroth alizaliwa katika mji wa Philadelphia, Marekani, tarehe 25 Desemba 1810. Alisoma katika chuo kikuu cha Yale, akawa mchungaji wa kanisa, kisha mwalimu wa shule ya wasichana. Alikuwa mtu mpole, mwenye kisomo kikubwa, lakini aliandamwa na ugonjwa wa huzuni ambao ulimjia mara kwa mara na kumlaza asiweze kuhubiri wala kufundisha. Mwaka 1838 alimtembelea rafiki yake, akaona mezani chombo cha kioo kilichojaa masega ya asali. Akavutiwa sana. Jioni ile ile alirudi nyumbani na makundi mawili ya nyuki aliyoyanunua njiani, na tangu siku hiyo nyuki wakawa kazi yake na pumziko la moyo wake.

Alitumia kwanza sanduku lenye papi juu, na kifuniko kikilala juu ya papi. Kila alipotaka kufungua, alikuta kifuniko kimegandishwa kwa gundi ya nyuki. Mwaka 1851 alizishusha papi kidogo, hata pakawa na nafasi ya sehemu tatu katika nane za inchi kati ya papi na kifuniko. Akaona ajabu: nyuki hawakuigandisha tena, wala hawakujenga sega hapo. Waliiacha wazi wakaifanya njia ya kupita.

Kwa miezi kadhaa alilifurahia jambo hilo kwa ajili ya kifuniko tu. Kisha, tarehe 30 Oktoba mwaka ule, alipokuwa akirudi nyumbani kutoka katika mizinga yake, wazo likamjia ghafula. Kama nyuki wanaiheshimu nafasi ile chini ya kifuniko, kwa nini wasiiheshimu ubavuni pia? Basi upapi usiwe peke yake. Utiwe mbavu mbili na kitako, uwe kiunzi chenye pande nne, nacho kining'inie ndani ya sanduku kisiguse popote isipokuwa pale kinapoegemea kwa masikio yake mawili. Pande zote iachwe nafasi ile ile. Baadaye alisimulia ya kwamba nusura apige kelele za furaha barabarani.

Tuifahamu vizuri sababu yake, kwa maana hapa ndipo yule mwanafunzi wangu alipokosea. Nyuki hupenda kuziba kila tundu la nyumba yao, lakini pia wanahitaji njia za kupitia. Nafasi ikiwa nyembamba kuliko robo ya inchi, yaani milimita 6 hivi, nyuki hawezi kupita vizuri, basi huiziba kwa gundi. Nafasi ikizidi sehemu tatu katika nane za inchi, yaani milimita 9 na nusu hivi, huiona kuwa ni mahali palipoachwa bure, hujenga sega. Lakini ikiwa kati ya vipimo hivyo viwili, huiacha kuwa ujia. Kwa hiyo kipimo hiki hakikutungwa na Langstroth. Nyuki wenyewe ndio waliokitoa, naye alitii. Kijana wangu aliwahurumia nyuki kwa kipimo cha mwanadamu, nao wakamjibu kwa kipimo chao.

Fundi seremala wa Philadelphia, Henry Bourquin, aliyekuwa naye akipenda nyuki, alimtengenezea mizinga ya kwanza, na katika mwaka 1852 ilikuwa imezidi mia moja. Mwaka huo huo alikuja kumtembelea bwana mmoja, Samuel Wagner, aliyekuwa ametafsiri kitabu cha Dzierżon kutoka Kijerumani ili akitangaze katika Marekani. Alipoiona mizinga ya Langstroth ikifunguliwa na kiunzi kutolewa bila kisu, aliacha shauri lake la kukichapisha kitabu kile.

HATI YA MVUMBUZI NI KITU GANI?

Tarehe 5 Oktoba 1852 serikali ya Marekani ilimpa Langstroth hati ya uvumbuzi, nambari 9,300. Siku hizi hati ya namna hii huitwa hataza. Yafaa tuieleze, kwa kuwa wengi hudhani ni kama tuzo au cheti cha sifa. Sivyo, ni mapatano.

Fikirini habari ya mganga aliyejua mti wa kuponya ugonjwa mkali. Hakumwambia mtu, kwa hofu ya kunyang'anywa riziki yake, na alipokufa dawa ikazikwa pamoja naye. Nani aliyefaidiwa? Mganga alifaidiwa kwa maisha yake tu, na kijiji kikapata hasara ya milele. Sheria ya hataza ilitungwa ili kuzuia hasara ya namna hiyo. Serikali humwambia mvumbuzi: Utueleze kazi yako yote, kwa maneno na kwa michoro, wazi kiasi cha kwamba fundi mwingine akisoma aweze kuitengeneza. Nasi kwa upande wetu tutakupa miaka kadhaa ambayo mtu yeyote hataruhusiwa kuitengeneza, kuitumia wala kuiuza pasipo idhini yako. Miaka ikiisha, kazi itakuwa ya watu wote. Katika Marekani ya siku zile muda huo ulikuwa miaka 14, na uliweza kuongezwa miaka 7.

Yako masharti mawili makubwa. La kwanza, kitu kiwe kipya, yaani kisiwe kimekwisha kujulikana na wengine. La pili, hati hutolewa kwa kitu kilichotengenezwa na mtu, wala si kwa mambo ya maumbile. Langstroth aliweza kupewa hati ya mzinga wenye viunzi vilivyopangwa namna fulani. Lakini tabia ya nyuki ya kuacha njia haikuweza kuwa mali ya mtu, kama vile hakuna awezaye kuimiliki mvua kwa sababu alijua kukinga maji. Hapo mwaona tayari mlango ulioachwa wazi. Thamani ya mzinga ule ilikuwa katika nafasi tupu, na hati huandikwa kwa vitu vinavyoshikika.

HATI HAIKUTOSHA

Langstroth, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, aliuza ruhusa. Mkulima aliweza kununua ruhusa ya kutengeneza mizinga kwa shamba lake, na mfanyabiashara aliweza kununua ruhusa kwa wilaya au jimbo zima. Kwa hesabu ya karatasi ilionekana kuwa utajiri umefika. Lakini mambo matatu yalimshinda.

Jambo la kwanza ni wepesi wa kazi yenyewe. Mashine ya chuma hutengenezwa katika viwanda vichache, na mwenye hati aweza kuvichunguza. Mzinga ni mbao sita na viunzi. Mkulima yeyote mwenye msumeno na nyundo aliweza kuazima mzinga wa jirani, akaupima, akatengeneza kumi ghalani mwake wakati wa baridi. Nani angemwona? Na angemwona, nani angekwenda maili mia tano kumshtaki kwa ajili ya mizinga kumi?

Jambo la pili ni wingi wa waigaji wenye hila. Katika karne ile ofisi ya hati za uvumbuzi ya Marekani ilitoa hati za mizinga kwa mamia. Wengine walikuwa wavumbuzi wa kweli. Lakini wengi waliongeza mtoto wa meza hapa, mtego wa nondo pale, mlango wa nyuma kule, wakaupa mzinga jina kubwa, wakazunguka vijijini wakiuza ruhusa kwa watu wasiojua. Ndani ya mizinga mingi ya namna hiyo vilikuwamo viunzi vya Langstroth na nafasi ya Langstroth. Mkulima aliyedanganywa mara mbili au tatu aliichukia kila hati, ya kweli na ya uongo pamoja, hata jina la hataza likawa tusi miongoni mwa wafugaji.

Jambo la tatu ni mahakama. Watu hudhani ya kwamba ukiwa na hati serikali itakupigania. Lakini hati haitembei yenyewe. Humpa mwenyewe haki ya kushtaki, naye hushtaki kwa fedha zake. Langstroth alipowashtaki waliomwiga, mawakili wao walifungua vitabu vya Ulaya. Wakasema: Je, Huber hakuwa na viunzi? Debeauvoys hakuwa na viunzi? Basi kipya ni kipi? Jibu lilikuwako: viunzi vya wale vilibana au viliganda, na vya huyu vilitoka. Lakini kuifahamisha mahakama tofauti ya upana wa kalamu ya risasi kulitaka mashahidi, safari na miaka. Naye alikuwa mgonjwa, na fedha zake zilikuwa chache. Mwaka 1870 mwanawe wa pekee wa kiume, James, aliyekuwa msaidizi wake katika kazi ya nyuki, alifariki. Mwaka 1873 mkewe naye akafariki. Na kufikia mwaka huo, hata ukihesabu ile nyongeza ya miaka saba, muda wa hati ulikuwa umekwisha. Mzinga ukawa wa watu wote.

Sisemi haya ili tuzidharau hati za uvumbuzi. Kwa kitu kingine na kwa mtu mwingine, sheria hiyo hiyo imeleta riziki ya halali. Nasema ili tufahamu ya kwamba hati ni kama ua la shamba. Ua huwazuia mbuzi, na mwenye shamba sharti alitengeneze kila siku. Na liko shamba ambalo ua halilifai, kwa kuwa mali yake ni harufu ya maua, nayo huchukuliwa na upepo.

ALIYEUZA NA ALIYETOA

Langstroth alifanya jambo jingine ambalo lilidumu kuliko hati. Mwaka 1853 alitoa kitabu juu ya mzinga na nyuki wa asali, akaeleza yote aliyoyajua bila kuficha, wala hakuona haya kuwasifu Huber na Dzierżon waliomtangulia. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena. Wafugaji waliosoma walijifunza kuufungua mzinga, kumtafuta malkia, kuligawa kundi moja kuwa mawili, na kutoa asali pasipo kuua.

Kisha wengine wakajenga juu ya msingi wake. Mwaka 1857 Mjerumani Johannes Mehring alitengeneza kinu cha kukandamizia karatasi za nta zenye alama za vyumba vya sega, ili nyuki wakute kazi imeanzwa na sega liwe limenyooka ndani ya kiunzi. Mwaka 1865 Franz von Hruschka, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Austria na kukaa Italia, alionyesha pipa la kuzungushia masega, asali ikaruka nje kwa nguvu ya mzunguko na sega likabaki zima, likarudishwa kwa nyuki. Angalieni jinsi mambo yanavyotegemeana: pipa lile lafaa nini kama sega halitoki katika mzinga?

Katika jimbo la New York alikuwako mfugaji mwingine mkubwa, Moses Quinby. Katika miaka ya 1870 alibuni bomba la moshi lenye mivukuto, litumikalo kwa mkono mmoja, ambalo ni baba wa mabomba tuyatumiayo hata leo. Quinby hakuomba hati yoyote. Aliwaachia wafugaji walitumie bure. Na katika mji wa Medina, jimbo la Ohio, Amos Ives Root alianza mwaka 1869 kiwanda cha vifaa vya nyuki, akatengeneza mizinga ya namna ya Langstroth kwa mashine, kwa wingi na kwa bei ndogo, ikaenea mbali.

Mwaweza kuuliza, nani alifanya vema, aliyechukua hati au aliyeacha? Mimi naona si haki kumlaumu Langstroth. Alikuwa na jamaa ya kulisha na ugonjwa wa kumzuia kazi nyingine, na alichoomba ni miaka michache tu ya malipo kwa kazi ya maisha yake. Mapatano yalikuwa ya pande mbili. Yeye alitimiza sehemu yake, kwa maana alieleza yote. Watu walipokea maelezo, lakini wengi hawakulipa. Alifariki mjini Dayton, Ohio, tarehe 6 Oktoba 1895, akiwa kanisani ameanza kuhubiri, umri wake miaka 84. Mpaka leo mzinga wenye jina lake hutumika katika nchi nyingi za dunia.

NA SISI JE?

Mzinga wa Langstroth umefika kwetu pia, nao ni mzuri kwa mwenye seremala hodari na fedha za kununua mbao kavu zilizonyooka. Lakini una sharti gumu: kila upande wa kila kiunzi hutaka kipimo sawasawa. Ukikosea kidogo pande nne, umekosea mzinga wote.

Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Kanada na wa Kenya waliangalia tena makapu ya Wayunani, yale aliyoyaeleza Wheler mwaka 1682. Wakatengeneza sanduku refu lenye mbavu zilizolala, pana juu na jembamba chini, na juu yake zimepangwa papi zinazogusana. Mzinga huo ukajulikana kwa jina la Kenya. Hauna viunzi vya pande nne. Kwa kuwa mbavu zimelala, nyuki hawalishikamanishi sega nazo sana, na mfugaji huinua upapi na sega lake. Seremala wa kijijini aweza kukosea urefu wa sanduku, au kutumia mbao zilizopinda kidogo, na mzinga usiharibike.

Lakini kipimo kimoja hakisameheki, nacho ni upana wa upapi. Nyuki wa Ulaya hujenga masega yao kwa hatua ya milimita 35 hivi, kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Nyuki wetu wa Afrika ni wadogo kuliko wale, hatua yao ni milimita 32. Ukikata upapi wa milimita 35 kwa kuiga kitabu cha Ulaya, nyuki watafuata hatua yao wenyewe, na kufikia upapi wa sita au wa saba sega litakuwa limevuka mpaka na kushika papi mbili pamoja. Hapo umerudi kwenye gogo na kisu.

Basi msomaji ukitaka kutengeneza mzinga, anza kwa rula kabla ya msumeno. Mzinga wa papi: kila upapi milimita 32, si zaidi wala si pungufu. Mzinga wa viunzi: pande zote za kiunzi acha nafasi isiyopungua milimita 6 wala kuzidi 9. Ukitengeneza kwa kuiga mzinga wa jirani, upime ule wa jirani kwanza, kwa maana yawezekana jirani naye alikosea.

Yule mwanafunzi wangu aliubomoa mzinga wake akaukata upya. Safari hii hakutumia macho yake wala huruma yake. Alichukua kalamu yake ya risasi, akaiingiza kati ya kila kiunzi na ubavu, mmoja baada ya mmoja, akigeuza sanduku huku na huku, na pale ilipokwama alipiga randa, na pale ilipolegea alipigilia kipande chembamba cha ubao. Majira yaliyofuata nyuki waliingia. Siku ya kurina alituita tusimame karibu, nasi tulisimama mbali kidogo. Akafukiza moshi, akafunua, akashika kiunzi cha katikati kwa vidole viwili. Kikatoka.